Bibi Wawili na Karatasi Moja Nene

Jumatatu, 3 Juni

Printa imetema karatasi tena. Nilikuwa nachambua mchele, nikasikia kru, kru, kisha mjukuu wangu akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga msumari. Karatasi imeingia upande, ikakwama, ikatoka na kona iliyokunjamana na mstari mweusi wa wino usoni. Usoni pa nani? Pangu. Nimesimama mlangoni na ungo, nimecheka mpaka mwanya unaonekana. Sasa nina masharubu.

Jumamosi ana maonyesho ya picha zake, ya kwanza maishani, kwenye ukumbi wa maktaba. Mama msimamizi wa ukumbi kasema hataki picha za karatasi nyepesi kama za pasipoti. Anataka zile nene za pamba, ngumu kama kola ya shati la bwana harusi. Za ukubwa wa ukutani zimebaki mbili tu, na dukani zimekwisha.

Ukuta unaotazama mlango unabeba picha moja kubwa. Mjukuu hajaamua kama ataweka yangu au ya bibi yake mzaa baba. Yule kapigwa picha ananusa ua, kana kwamba amewahi kunusa kitu asikitafutie kasoro. Mimi ndiye mzaa mama. Mtoto huyu nimemlea mgongoni, nampenda kuliko macho yangu. Basi nitamsaidia kuamua.

Jumanne, 4 Juni

Nimeitazama printa asubuhi nzima. Nimeielewa. Ni cherehani iliyokwenda shule, basi.

Nimeshona nguo za watu tangu mama yake mjukuu hajaota meno. Kitambaa kizito kikigoma kupita chini ya sindano, dawa yake mafuta. Mjukuu alipokwenda ukumbini kupima kuta, nikatoa kikopo changu. Nikazitilia zile rola za mpira zinazovuta karatasi tone huku, tone kule, na moja la sadaka. Zikang'aa kama mashavu ya bibi harusi.

Karudi, kaweka karatasi ndogo ya kujaribia. Haikukwama. Haikuingia pia. Rola zilizunguka na kuzunguka, karatasi imekaa palepale kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Mjukuu akagusa rola, akanusa kidole, akauliza kama kuna mtu ameigusa printa. Nikamwambia joto la siku hizi linatoa jasho hata kwenye mashine.

Akanitazama. Ana macho ya marehemu babu yake. Hayadanganyiki, ila yana adabu.

Jumatano, 5 Juni

Kaja fundi wa printa. Suruali yake pindo limeshonwa na adui. Akazifuta rola kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, akasema rola hula kwa kushika, ukizipaka mafuta umezing'oa meno. Aliyefanya hivi afungwe kamba. Nikamwongezea chai, nikamwambia kweli kabisa baba, kuna watu hawana akili.

Akamwelekeza mjukuu. Karatasi nene zisirundikwe kwenye trei ya chini, maana humo njia ina kona na zenyewe hazipindi. Ziingie moja moja kwa mlango wa nyuma, njia iliyonyooka. Mashine iambiwe kuwa hii ni nene, ili kichwa cha wino kipande juu kidogo. Na karatasi ikijikunja kingo, hata kama ukucha, itagonga kichwa na kuchafuka. Kumbe ndiyo masharubu yangu.

Akashangaa zimejikunja kwa nini. Mjukuu akasema huziweka kwenye rafu ya jikoni. Mimi huchemshia maji chini ya rafu hiyo. Fundi akaniuliza kama nimekisoma kitabu cha maelekezo. Nikamjibu kwamba herufi nimejifunzia kwenye magunia ya unga, na kitabu chake hakijawahi kuja na unga.

Akaziona picha mbili kwenye kompyuta. Akasema mama wa ua ana sura nzuri sana. Nikaondoa biskuti.

Alasiri kafika mwenyewe, Bibi Mzaa Baba, na mkoba mzito. Nikamwambia lete nikupokee, mwenzangu. Akasema hapana, usijisumbue, mwenzangu. Nikavuta. Akavuta. Tumefika sebuleni kila mtu ameshika mkono wake wa mkoba, tunatabasamu kwa meno yote, mjukuu na kamera yake anatuzunguka kama nzi.

Mgeni akasema yeye hajali picha yake itawekwa wapi, hata nyuma ya mlango ni sawa. Mtu akikwambia hajali, ujue ukuta ameshaupima kwa shubiri. Atalala hapa mpaka Jumapili.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata njia. Katika zile karatasi mbili kubwa, moja nimeichukua, nikaifunga kwa shuka safi, nikaiweka chini ya godoro langu. Kisha nikalala juu yake mchana kutwa. Nilisema mgongo unauma. Uzito wangu huu si wa kuchezea, mpaka kesho itakuwa imenyooka.

Ile nyingine nimeiacha rafuni na mikunjo yake. Mjukuu akiichukua achape mama wa ua, itagonga kichwa, atapata masharubu na yeye. Hapo nitaitoa yangu, na picha ya kuchapwa itakuwa imebaki moja.

Bibi Mzaa Baba kaja kunipa pole ya mgongo. Kakaa kitandani. Kitu kikalia krasha. Akaniangalia. Nikakohoa.

Ijumaa, 7 Juni

Imekuwa nilivyopanga. Karatasi imegonga, ua limekuwa rungu.

Mjukuu akaenda rafuni kuchukua ya pili. Akatafuta juu ya kabati, chini ya meza, kwenye ndoo ya mkaa. Mwisho akakaa sakafuni pembeni ya printa. Hakulia. Angelia ningeweza kumbembeleza. Alisema taratibu tu kwamba atampigia mama wa ukumbi, amwambie ukuta wa mbele wampe mtu mwingine.

Moyo wangu ulikatika kama uzi mbovu. Bibi Mzaa Baba alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunitaja. Alisema tu kwamba magodoro ya siku hizi yana kelele, sijui wanajaza nini.

Nikaenda kuileta. Imenyooka kama shuka la hospitali. Nikasema nilikuwa naitunza. Mjukuu hakuuliza ilitunzwa kwa nini na kwa ajili ya nani. Alinikumbatia hadi kilemba kikaanguka. Afadhali angenipiga.

Karatasi kubwa hivyo ni nzito, ikining'inia nyuma inaingia upande. Basi akatupanga, mzaa baba kona ya kushoto, mzaa mama kona ya kulia. Akatuamuru tusivute, tusisukume, tuisindikize tu kama bibi harusi. Mwenzangu akaninong'oneza nisije nikailalia. Nikamwambia afunge mdomo, asije akainusa.

Kichwa cha wino kikaenda na kurudi. Hakikugusa kitu. Nikanyoosha shingo nione imetoka picha ya nani.

Hakuwa yeye. Sikuwa mimi. Tulikuwa wote wawili sebuleni, mkoba katikati, tunatabasamu kama fisi kwenye msiba. Mjukuu akasema tangu Jumatano alijua ni hii, lile ua lilikuwa la kujaribia mashine tu.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Kila aliyeingia alisimama mbele ya ukuta ule, akacheka, kisha akasema ana shangazi wa namna hiyo. Mama wa ukumbi kashika ile karatasi kwa ncha za vidole, kauliza nani kafanya kazi safi hivi. Mjukuu kasema bibi zangu. Sauti yake ilikuwa kubwa, na mimi vumbi la ukumbi lile liliniingia machoni. Mwenzangu lilimwingia pia. Alinipa leso yake, sikuirudisha.

Jumapili, 9 Juni

Mwenzangu kaondoka. Mkoba niliubeba mimi mpaka barabarani, baada ya mapambano.

Kabla ya hapo nilipita maktaba na futi yangu ya kushonea. Kwenye ile picha, yeye amechukua nafasi zaidi yangu kwa upana wa vidole viwili. Nimemwomba mjukuu anichapie nyingine ya nyumbani, apunguze upande wa kushoto. Kasema karatasi zikija dukani atanichapia, bila kupunguza mtu.

Amelala sasa, kachoka mtoto wa watu. Kabla hajalala aliichapa barua ya shukrani, na nikasikia printa inalia kwi, kwi, kama panya. Fundi alikataza mafuta kwenye rola. Nimekumbuka maneno yake vizuri. Kwenye kile chuma kirefu ambacho kichwa cha wino hupita, hakusema kitu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wa nyumba hii ni mimi. Kikopo hiki hapa. Tone moja tu.

Na moja la sadaka.