Ombi la Kurudisha Kitabu cha Mapishi Chini ya Meza

Subukia,
Jumatano asubuhi, baada ya kukamua

Kwa Mama Wanjugu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Akina Mama, kanisani kwetu.

Mama Mwenyekiti,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu aliyekonda. Ng'ombe ni wazima, mahindi yamefika magotini, na mimi pia ningekuwa mzima kama si ule mkutano wenu wa mwezi uliopita.

Utakumbuka kwamba siku hiyo mlisafisha stoo ya kanisa, ile iliyokuwa nyumba ya mzungu kabla wazee wetu hawajagawiwa vipande vya shamba. Mkakuta vitabu viwili vinene vya mapishi vimeshikilia miguu mifupi ya meza ya karani. Kimoja mkakichomoa, mkampa mke wangu, Mama Joan, ajaribu mapishi hayo nyumbani kisha awafundishe wenzake. Mama, kitabu hicho kilikuwa na kazi. Kitabu cha chakula kikikaa miaka sitini bila mtu mwenye njaa kukifungua, hakikusahaulika. Kiliepukwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Supu. Katika kitabu hiki supu huja peke yake, kama mjumbe aliyetangulia wageni. Siku ya kwanza nilikunywa bakuli mbili nikitafuta nyama yake. Haikuwamo. Zilikuwa karoti zilizopondwa zikapitishwa kwenye chujio la chai. Chakula chenyewe kilipofika nilikuwa nimeshiba maji.

2. Kuku. Keki moja inataka mayai sita. Oveni hatuna, kwa hivyo Mama Joan hutia mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sufuria ndogo juu ya mchanga, kisha makaa juu ya kifuniko. Keki huiva juu, huiva chini, katikati ikabaki na mawazo yake. Kuku wetu siku hizi wanataga kwa jirani, na siwalaumu.

3. Nimekipekua kitabu chote, kutoka mbele na kutoka nyuma. Hakuna githeri, mahindi yetu na maharagwe. Hakuna ugali. Kuna sura nzima ya kupika ulimi wa ng'ombe. Nilipouliza watu hawa walikuwa wakila nini mchana, Mama Joan alinijibu, "Baba Joan, wewe una ulimi wako tayari. Nyamaza ule."

4. Heshima ya waume. Imenilazimu kutafuta githeri katika kile kihoteli kilicho nyuma ya kinu cha kusaga unga. Nilidhani niko peke yangu. Nikamkuta Mwaura ameinamia sahani, Abdirashid wa duka, ambaye mkewe Najwa amekwisha kunakili kurasa kumi kutoka kwetu, na kwenye kona, nyuma ya kalenda, mzee wetu wa kanisa. Tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye korido ya mahakama. Mzee huyo aliniomba nisimtaje, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutunza siri, sitamtaja mume wako.

5. Sasa nafika penye maumivu. Jumamosi hii tunatembelewa na wazazi wa Kiptum, yule kijana anayemtaka binti yetu Joan. Wanatoka Olenguruone, na ni mara yao ya kwanza kuingia kwetu. Mbuzi yuko. Jumatatu walitanguliza kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha yenye unga wa mkaa, na mama yake Kiptum akatuma neno kwamba kifunguliwe Jumamosi, pande zote mbili zikiwa zimeketi. Nilikitundika ukutani mwenyewe.

Jana kitabu kilidai vikombe viwili vya maziwa machachu.

Niliporudi kutoka shambani, kibuyu kilikuwa pale pale ukutani, kimefunikwa vizuri, chepesi kama kayamba. Juu ya meza kulikuwa na keki ya rangi ya lami mpya. Mama Joan aliniambia mursik ni maziwa, maziwa ni ya kutumiwa, na kitabu kinasema keki hii huzidi kuwa tamu ikikaa siku nne ndani ya debe. Joan hajaacha kulia tangu jana. Anasema Mzee Kipketer, baba yake Kiptum, ni mtu wa maneno machache, na kwamba akiudhika huyapunguza zaidi.

Mama, nitafungua nini Jumamosi mbele ya watu? Upepo?

Kwa hivyo naomba kamati yako ikichukue kitabu hiki kabla ya Ijumaa, ikirudishe chini ya meza, na mtu mzito akae juu ya meza hiyo. Pili, mnitafutie mursik. Ikishindikana, akina mama watatu waheshimiwa wawe tayari kushuhudia kwamba ni paka.

Nisalimie kamati yote, watoto wa Sunday school, mlinzi wa stoo, na mzee wako akirudi kutoka huko aendako mchana.

Wako katika imani na njaa,
Njuguna, Baba Joan

N.B. Leo ni Jumatatu, na barua hii ilikuwa bado kwenye koti langu. Jumamosi Mzee Kipketer alikishika kibuyu, akakitikisa mara moja, akanitazama. Kabla sijamtaja paka, Mama Joan aliingia na debe, akasema, "Mzee, maziwa yenu nimeyapika. Yako humu." Mzee alikata kipande, akatafuna kwa muda mrefu kuliko maisha yangu. Kisha akampa mkewe, naye akacheka, akasema, "Hawa hawatamwaga kitu chetu." Mzee akaongeza maneno yake machache: "Mwezi ujao tutaleta vibuyu viwili. Kimoja cha kunywa." Joan ameacha kulia, amerudi kula.

Kwa hivyo, Mama, msije kuchukua kitabu. Tena jana, Mama Joan akiwa kwenye mkutano wenu, nilijaribu mwenyewe ile supu ya karoti. Ilikuwa imekosa tangawizi tu, jambo ambalo mwandishi hakulijua. Kile kitabu cha pili kilichobaki chini ya mguu mwingine wa meza, nasikia ni cha nyama. Nimeshakata kipande cha mbao kinacholingana nacho, nami nitakileta kesho asubuhi. Mume wako, ambaye sikumtaja, amekubali kuinua meza.