Nilivyoshitakiwa kwa Mbuzi Nisiyemjua

Leo mji wetu mzima wa Baraka umenitazama kama mwizi. Sijaiba kitu, jamani. Nisikilizeni kwanza.

Mnajua wiki hii tulimzika mama kule kijijini Lweba (asanteni mliokuja), na kwa desturi ya kwetu nikanyoa kichwa. Asubuhi redio yetu ikanituma kufuata kesi. Majaji wamekuja mjini kwetu, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Nikavua kofia kwa heshima. Mbele nikaona benchi lenye nafasi pembeni, nikashukuru Mungu, nikakaa. Kinasa sauti changu ni kizee, hakisikii mbali.

Wenzangu wa benchi walikuwa kimya sana. Wote vipara. (Nikawaza: maskini, nao wamefiwa.)

Ikaitwa kesi ya mbuzi. Hakuna aliyesimama. Polisi akanigusa bega: "We, banakuita mbele." Nikafurahi. Kumbe siku hizi waandishi tunaheshimiwa!

Jaji, macho kwenye karatasi, akauliza kama mbuzi wa mama mmoja aliyesimama pale mbele nilimla au nilimuuza. Mimi uongo siwezi.

"Mheshimiwa, mi sikumukula."

"Basi uliuzisha."

Mama mwenye mbuzi akanipima toka kichwani mpaka viatuni. "Ni yeye. Nilimuona na macho yangu. Hii kichwa siwezi kuisahau."

(Mbuzi aliibwa zamani. Kipara ni cha wiki hii.)

Hapo nikaelewa: benchi lile ni la washitakiwa, na gerezani wote hunyolewa. Nikajiona gerezani.

Ndipo polisi mwingine akaingia na mshitakiwa mwenyewe, anamrudisha kutoka chooni, bado anapandisha suruali. Jaji akamuuliza mama: na huyu?

Mama hakusita. "Na huyu pia."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Jaji akaficha mdomo. Kisha akamwambia mama atafute shahidi mwingine, na yule mshitakiwa aende kwake kwanza. Mlangoni bwana huyo akanishika mkono: "Kaka, kichwa yako imeniokoa."

Mkubwa wangu redioni akanishauri niseme tu "mtu mmoja" alidhaniwa mwizi. Lakini mtu huyo jina lake ninalijua. Nikalisoma lote, kwenye habari za mchana.

Baba akapiga simu kutoka Lweba. "Mutoto wangu, ile nyama ulituwekea kidogo?" Akacheka mpaka akakohoa. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

Basi nanyi chekeni, nimeruhusu. Ila aliyenyoa asipite mbele ya yule mama.