Ombi la Wazee Watatu wa Posa, kutoka Serikalini au Umoja wa Mataifa

Kitengela,
Jumapili, baada ya ibada ya pili.

Kwa Bwana Koinet,
Afisa wa Elimu ya Haki,
Kajiado.

Mheshimiwa,

Ninakusalimu kwa heshima zote, wewe, mama wa nyumba yako na watoto, pamoja na mifugo yenu ikiwa imestahimili kiangazi. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto na vumbi la machimbo ya mawe.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Katika semina yako ya mwezi Machi, pale ukumbini mwa kanisa letu, ulitugawia vitabu vya Katiba na ukasema mwenye malalamiko akuandikie katika wiki mbili. Miezi minne imepita. Niliona si adabu mtu kulalamika chini ya sheria asiyoisoma yote, nami nilikwama kwa muda mrefu katika Majedwali.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya misheni, mwenye umri wa miaka sabini na minane, na mgane wa mke wangu Rahab kwa miaka sita sasa. Ninaishi kwa mwanangu Musila. Nakusudia kumwoa Bi. Nailantei, mjane wa kanisani kwetu anayefuga ng'ombe upande wa Isinya. Umewahi kumwona: ndiye aliyekusahihisha kuhusu tarehe ya uhuru. Tangu Rahab atutoke, watu wote hunikubalia kila nisemalo huku wakitazama simu zao. Bi. Nailantei peke yake ndiye anayenibishia. Kila Jumapili hunionyesha nilipokosea kusoma Zaburi, nami hurudi nyumbani na hamu ya kula.

Kifungu cha 45 kinasema kila mtu mzima ana haki ya kuoa, kwa hiari ya wahusika. Kwamba mimi ni mtu mzima, sidhani Serikali itapinga. Hiari ninayo. Hata hivyo haki hii imevunjwa kama ifuatavyo:

1. Wanangu walifanya kikao kuhusu ndoa yangu bila mimi. Nilitumwa nimwagilie sukuma wiki maji, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, niliyasikia yote bila kukusudia, nikimwagilia mche mmoja kwa nusu saa. Binti yangu Nzilani alisema, "Watu watasema hatumlishi!" Musila akasema, "Mzee atulie tu, aangalie habari." Bwana Koinet, nimeangalia habari kwa miaka sita. Hazijapata nafuu. Hukumu nilisomewa nikiwa bado nimeshika mkebe. Kifungu cha 50 kinataka mtu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, nacho hakisemi kwamba kumsikilizisha kupitia dirisha kunatosha.

2. Kifungu cha 39 kinanipa uhuru wa kutembea. Nzilani amewaonyesha vijana wa bodaboda wa hapa stendi picha yangu na kuwaagiza wasinipeleke Isinya. Nikifika huambiwa, "Aki mzee, leo hakuna mafuta." Mara tatu nimeambiwa hivyo, na mara tatu nimesimama pale nikaona pikipiki ile ile ikiondoka na mama mmoja na gunia la makaa. Kwa sababu hiyo humwona Bi. Nailantei kanisani tu, mbele ya kwaya nzima.

3. Hili ndilo kubwa, nami naomba usome ukiwa umeketi. Kwetu Ukambani mwanamume haendi kuposa peke yake. Hata kumtajia mwanamke jambo hilo mwenyewe ni utovu wa adabu. Wazee hutangulia kwa ndugu zake, wakazungumza, kisha ndipo wapelekwe mbuzi wa ntheo, wanaomfanya mke kuwa mke. Wazee wangu wamekwisha. Masila tulimzika Agosti mwaka jana. Katee yu hai lakini hasikii, na mzee wa posa asiyesikia anaweza kutukubalia jambo lolote. Wanangu wangeweza kunitafutia wengine, wakakataa.

Sasa, Kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kupata utunzaji na usaidizi kutoka kwa familia yake na Serikali. Familia imekataa. Imebaki Serikali. Kwa unyenyekevu ninaomba nipewe wazee watatu, wenye meno ya kutosha, kwa siku moja tu. Wakiwa na sare sitajali.

4. Ikiwa Serikali itasema haina wazee, naomba nikukumbushe kwamba Kifungu cha 2 kinaifanya mikataba yote tuliyoridhia kuwa sehemu ya sheria zetu. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, Kifungu cha 16, linaniruhusu kuoa. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, Kifungu cha 23, unarudia jambo lilo hilo, na Kenya imo. Basi mataifa yaliyotia sahihi yana mkono katika posa yangu. Umoja wa Mataifa una ofisi Gigiri, ambako wazee wanaweza kuja na kurudi siku moja. Naomba tu wasitoke mataifa yenye kura ya turufu, maana mzee mmoja wa aina hiyo anaweza kuturudisha nyumbani na mbuzi wetu.

Wanangu siwatakii mashtaka. Ni watoto wazuri na chai yao ni nzuri. Karipio la kimataifa litatosha.

Nisalimie ofisi nzima, mlinzi wa lango, na yule dada aliyetugawia vitabu. Bwana awabariki. Barua hii italetwa na Bi. Nailantei mwenyewe, ambaye kesho ana safari ya Kajiado kununua dawa ya kupe.

Wako mtiifu,
Yohana Mulinge,
Mwalimu Mstaafu.

Tanbihi: Mheshimiwa, wamisionari walitufundisha kwamba barua inayobebwa na mtu wa heshima haifungwi gundi, kwani kuifunga ni kumshuku. Sikuifunga. Bi. Nailantei alipokuja kuichukua ameisoma yote akiwa amesimama langoni kwetu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, Umoja wa Mataifa umeuambia. Mimi umeniambia lini?" Ndipo akanionyesha, kwa kidole, maneno "hiari ya wahusika", akaniomba nihesabu wahusika. Nilipata wawili.

Kwa hiyo nilimwuliza pale pale, bila wazee, na Musila akiwa barazani amesahau simu mkononi. Amejibu kwamba atafikiri hadi mvua inyeshe, na kwamba kufikiri ni haki yake chini ya Kifungu cha 32. Nimekithibitisha; ni kweli. Aliongeza kuwa kuhusu Zaburi ya leo pia nilikosea.

Naomba wazee wote wasimamishwe, wa Serikali na wa Gigiri. Amekataa kuibeba barua inayomhusu, kwa hiyo utaletewa na Musila, mlalamikiwa wangu, ambaye ana shughuli huko Jumanne. Hii nimeifunga gundi.