Vita Yangu na Moshi wa Plasidi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mwanangu Sakina ameamka anakohoa tena. Kifua kinalia kama filimbi. Mke wangu Najiat kamfunga mgongoni, kampeleka zahanati. Mimi nimebaki. Asubuhi duka haliachwi, na Uwesu mwenye duka la ng'ambo ya barabara anaombea kila siku nichelewe kufungua.

Wamerudi na habari mbaya. Nesi Theodora amesema mapafu ya mtoto yamechoshwa na moshi wa sigara. Akauliza nyumbani nani anavuta. Najiat akajibu hakuna. Na kweli hakuna! Mimi Shomari sijawahi kuweka sigara mdomoni toka nizaliwe. Nesi akasema si lazima avute baba. Moshi wa mtu mwingine unatosha. Unaingia dirishani, unaganda kwenye mapazia, kwenye shuka, kwenye nguo. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko sisi na njia zake za hewa ni nyembamba. Kinaanza kikohozi, unafuata ugonjwa wa masikio, mara pumu, mara homa ya mapafu.

Homa ya mapafu! Mtoto mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Najiat akaniomba nifunge dirisha la chumba chetu, lile lililo juu ya benchi la wateja. Nimefunga. Kisha nikakaa dukani niwaze, nikashindwa. Benchi lilijaa watu wanavuta na kubishana mpira. Nani? Nani anammaliza mwanangu?

Jioni nikapata jibu. Plasidi! Mpangaji wa chumba cha uani, kijana wa Ulyankulu, amehamia mwezi uliopita. Kila akirudi kazini ananuka tumbaku kuanzia kola mpaka soksi. Na kikohozi kilianza lini? Mwezi uliopita! Nimemkamata.

Jumanne, 15 Julai

Ushahidi kwanza. Alasiri nimejibanza nyuma ya tangi la maji, uani, nimsubiri awashe. Amerudi, amevua shati bombani, akaanza kuoga huku anaimba wimbo wa kanisani. Hakuwasha kitu. Mjanja huyu! Akamwaga ndoo ya mwisho upande wangu. Nikaloa mpaka kofia.

Akashtuka, akaniamkia shikamoo, akauliza natafuta nini. Nikasema kuku.

"Kuku gani, baba mwenye nyumba?"

"Yule mweupe."

Hatuna kuku. Hatujawahi kuwa na kuku. Plasidi akavaa kandambili, tukamtafuta kuku mweupe mtaa mzima wa Cheyo mpaka magharibi. Akawauliza majirani. Akapanda ukuta. Kila nikisema basi tuache, anasema haiwezekani, kuku ni mali. Sasa nina mafua, na majirani wameahidi kuendelea kumtafuta.

Sakina hakula leo. Uji ameusukuma.

Jumatano, 16 Julai

Usiku wa wasiwasi umezaa mpango. Mtu kama Plasidi hashikwi kwa kuviziwa, anashikwa kwa maneno. Nimenunua manila na rangi nyekundu. Nimeandika:

MOSHI WAKO, KIFUA CHA MWANANGU!
WEWE UNAVUTA, YEYE ANAKOHOA!
UNGEKUWA WEWE BABA YAKE, UNGELALA?
ZIMA LEO!

Nimelisoma bango kwa sauti, machozi yakanilenga. Nikalibandika ukutani mbele ya duka, palepale ambapo Plasidi hawezi kupita asilione, kando ya kibao changu cha zamani: SIGARA MOJA MOJA ZIPO. KIBERITI BURE.

Watu wamejaa! Bango limesimamisha hadi wapita njia. Wengine wakasema ni kweli, wengine wakasema babu zao walivuta wakazeeka. Mtu akibishana mate yanakauka, anataka sigara. Pakiti zimeisha kabla ya adhuhuri, ikabidi nikimbilie sokoni. Uwesu katoka kwake, kalisoma, kacheka mpaka kashika nguzo. Wivu. Aliacha kuuza sigara mwaka jana, na benchi lake linakaliwa na paka.

Plasidi kapita jioni. Kasoma lote. Halafu kanipa mkono, kasema nimesema kweli tupu, watu wamezidi. Unafiki wa namna hii sijapata kuuona!

Mchana Sakina kakohoa mpaka katapika. Nikajiuliza, na dirisha nimefunga? Kioo kimoja kimevunjika, lakini ni kidogo tu.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya heshima. Dada yake Plasidi, mwalimu Veridiana, anafundisha Kiswahili sekondari hapa mjini. Jana aliona bango alipokuja kumsalimia kaka yake. Akaomba awalete wanafunzi, wanasoma lugha ya matangazo. Nikakubali. Nikavaa kanzu.

Wamekuja kidato cha tatu, wakasimama nusu duara. Mwalimu akawauliza: nani anasema? Anawaambia nani? Anataka wafanye nini? Na jambo gani amelinyamazia? Kijana mmoja akasema swali la mstari wa tatu halitaki jibu, linataka kuchoma moyo. Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo nilivyokusudia.

Kisha msichana wa nyuma akanyoosha kidole. Akasema tusome vyote vilivyo ukutani, kwa sababu msemaji ni mmoja. Akasoma bango langu. Akasoma na kibao. Wakacheka kidogo. Wavutaji watatu wa benchini wakajikohoza.

"Mbinu hii tunaiitaje?" akauliza mwalimu.

"Kinaya!" Darasa zima.

"Andikeni."

Wakaandika wote! Kinaya! Miaka yote hii ya kuuza chumvi na sabuni, hakuna aliyewahi kuniambia nina kinaya. Nikawashukuru, nikawapa pipi. Mwalimu Veridiana alinitazama kama anataka kusema neno, akaishia kuuliza hali ya mtoto. Nikamwambia amwulize kaka yake.

Jumamosi, 19 Julai

Jana baada ya swala ya Ijumaa benchi lilikuwa limejaa. Nikasikia Najiat anapiga kelele. Sauti ile sijawahi kuisikia. Sakina alikuwa anavuta pumzi na mbavu zinaingia ndani. Midomo imebadilika rangi. Mimi nikasimama katikati ya duka na mzani mkononi. Nilisimama tu. Plasidi ndiye aliyeruka kutoka uani, akamchukua, akakimbia naye mpaka kwenye bodaboda, Najiat nyuma yake bila viatu. Mimi nikafuata na nyingine.

Hospitali wakamwekea hewa, wakampa dawa ya mvuke kwa barakoa. Barakoa ilimfunika uso wote. Nilihesabu kila pumzi yake mpaka nikapotea. Ee Mungu.

Alipotulia hasira ikanipanda. Nikamgeukia Plasidi kwenye korido, nikamwambia mbele za watu kwamba ameona matunda ya sigara zake. Hakupandisha sauti.

"Baba mwenye nyumba, mimi sivuti. Nafanya kazi ghalani, napanga majani ya tumbaku. Ndiyo maana navua shati bombani. Namwogopea mtoto."

Nikasema hata hivyo lazima kuna mtu anavuta.

Najiat akaniangalia. Akauliza polepole, "Baba Sakina, sigara zinavutiwa wapi?"

Nikasema uani. Akasema uani hakuna mtu. Nikasema basi kwa Uwesu. Akasema kwa Uwesu kuna paka. Kisha akaniambia maana ya kinaya. Ni kusema hili huku unatenda lile. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Leo wameruhusiwa. Hawakurudi nyumbani. Najiat amempeleka mtoto kwa mama yake, Itetemia.

Jumatatu, 21 Julai

Nyumba imenyamaza. Nimekwenda Itetemia. Mama mkwe kaitikia marahaba bila kunitazama. Sakina alikuwa barazani anapiga sufuria kwa mwiko na kucheka. Kifua kimya! Nikaweka sikio mgongoni kwake. Hakuna filimbi.

Nikasema ni asali ya bibi yake. Najiat akasema si asali. Hatarudi mpaka sigara zitoke, benchi litoke, mapazia yafuliwe. Nikaapa. Nilipoondoka Sakina akanifuata hatua kidogo, akaanguka, akainuka. Nililia juu ya bodaboda. Dereva akadhani ni vumbi.

Jumatano, 23 Julai

Nimetimiza! Sigara zote nimezitumbukiza chooni. Kibao nimeking'oa. Mapazia nimefua mwenyewe. Plasidi kanisaidia kubeba benchi. Nikamwomba radhi, akasema yaliyopita yamepita, akauliza kama kuku mweupe alipatikana.

Najiat kakubali kwa simu. Wanakuja leo alasiri.

Lakini nimekaa dukani tangu asubuhi. Wateja hawapo. Hata mmoja! Wamehamia kwa Uwesu, wanakunywa soda na yule paka. Tutakula nini? Dawa za mtoto zitatoka wapi? Nikazunguka chumbani mpaka nikapata wazo. Mishikaki!

Nimeazima jiko kubwa la pipa. Nimeliweka pale pale palipokuwa na benchi, chini ya dirisha, kuna kivuli na watu wamepazoea. Upepo unapeleka moshi ndani kidogo, sikatai. Lakini ni moshi wa nyama! Hauna tumbaku hata chembe. Nimefungua dirisha wazi kabisa, mtoto akute chumba kinanukia vizuri.

Plasidi kaja, kalitazama jiko, katazama dirisha, kaanza kusema jambo kuhusu upepo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, aniletee mkaa zaidi.

Bajaji inakata kona. Ndio wao! Najiat amekwisha kumfunika Sakina uso kwa kanga. Vumbi la Julai hili! Nimechukua kipepeo cha ukili, napepea jiko kwa nguvu, waone nilivyobadilika.