Ombi la Kuishtaki Bunduki Iliyofyatuka Yenyewe

Ndugu Mhariri,

Nakuomba uichapishe barua hii ili imfikie Mheshimiwa Jaji. Ningempelekea mwenyewe, ila langoni pa mahakama yake pana askari mwenye bunduki, nami siku hizi bunduki siziamini.

Mheshimiwa Jaji, natumaini umeamka salama kwa neema ya Bwana na chai umekunywa. Mimi ni Omosede Aihie wa hapahapa mjini Benin, mwanamke wa kundi la maombi. Shule niliishia katikati, kwa hiyo nikikosea unisamehe. Nilikuwapo siku ulipoamua kesi ya Nosakhare, fundi wa jenereta, mtoto wa marehemu dada yangu ambaye nilimlea mimi. Koplo Odigie alimsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani, na Nosa akafa kwa risasi. Koplo akakuambia, "Bunduki ilifyatuka yenyewe." Ukakubali, ukamwachia. Mimi ni nani nibishane na waliosoma? Nimekubali pia. Na kwa kuwa nimekubali, nina malalamiko.

1. Muuaji hajashtakiwa. Bunduki ililazwa mezani kama kuku wa sokoni, kikaratasi kimefungwa shingoni, na hakuna aliyeiuliza hata jina. Kwetu Mkristo huapa kwa Biblia, Mwislamu kwa Msahafu, na mtu wa mila huapa kwa kushika chuma. Bunduki ni chuma chenyewe, Mheshimiwa. Ingejishika tu.

2. Imeachiwa bila hata dhamana. Jirani yangu Efe, aliyeiba beberu, bado anaozea mahabusu hajasomewa mashtaka. Bunduki imerudi kazini, tena kwenye kizuizi kilekile. Isoken, mjane wa Nosa, hupita hapo na mtoto mgongoni akienda kuuza mihogo. Aliniuliza, "Mama, kesho nikifika pale nimwamkie nani, askari au bunduki?" Nikamjibu, "Anza na bunduki, mwanangu, ndiyo yenye hasira." Akacheka, kisha akalia. Na mimi hivyo hivyo.

3. Bunduki hii ina akili kuliko inavyosemwa. Hurushwarushwa nyuma ya gari la polisi kwenye mashimo yote ya mji huu, kimya. Huwasindikiza wakubwa harusini, huegeshwa karibu na masufuria ya wali, kimya. Ila kijana akiombwa hela ya chai kizuizini, akasema mfukoni hana kitu, hapo inakasirika. Mtumishi anayejua kuchagua namna hii, mnamwitaje chombo?

4. Koplo Odigie amepandishwa cheo. Sasa ni Sajenti. Kwa kazi ipi? Mbele yako aliapa kwamba yeye hakufanya lolote! Cheo ni cha bunduki. Tepe zishonewe kwenye mkanda wake, na Odigie awe anaibebea begi.

5. Nilikwenda kituoni kuuliza kwa adabu. Askari wa kaunta, huku anatafuna karanga, akaniambia, "Mama, nenda nyumbani ukapumzike. Lile lilikuwa la shetani tu." Nikamuuliza, "Huyo shetani ana cheo gani hapa kituoni?" Akaacha kutafuna. "Mama, usitutafutie matatizo." Mimi simtafutii mtu matatizo. Kama ni shetani, kundi letu lina uzoefu naye. Mtuletee bunduki zote za mji, tufunge kula na kuziombea, tuzipake mafuta, tuzikemee mpaka zitubu.

6. Kwetu mkubwa hamziki mtoto. Siku ya maziko nilikaa ndani, mlango umefungwa, nikasikia nyimbo zinatoka uani, zinashika barabara, zinapotea. Hili si lalamiko. Nimeliweka hapa kwa sababu sina pengine pa kuliweka.

Kwa hiyo naomba kesi ifunguliwe upya na bunduki isimamishwe kizimbani. Ikipatikana na hatia, ifungwe maisha, mbali na barabara anayopita Isoken.

Nisalimie karani wako aliyekuwa anasinzia, na wakili wa serikali aliyesahau faili, na mkeo, na watoto wako wote. Mungu awafikishe nyumbani kila jioni.

Wako katika Bwana,
Mama Omosede Aihie

Nyongeza: Mheshimiwa, bahasha sijaifunga, majambazi wakavamia benki iliyo karibu na kanisa letu. Sajenti Odigie akaingia mbio katikati ya maombi, bunduki mkononi, akajitupa chini ya benchi letu. Nikamwambia, "Baba, hiyo iweke mlangoni, ifyatuke yenyewe iwafukuze!" Akanifokea kutoka huko chini, "We mama una wazimu? Itafyatukaje bila mtu kuivuta?" Kundi zima tulisikia. Hata mpiga ngoma aliacha kupiga. Basi, bunduki nimeisamehe. Mpandishe kizimbani yule wa chini ya benchi.