Mbuzi Aliyekula Muhuri

Kifungu hakusoma sheria hata siku moja, ila aliwahi kufagia ofisi ya wakili, na alichokifagia alikiweka kichwani. Asubuhi hiyo alisimama penye barabara iliyochimbwa, akimtazama mbuzi wa kahawia, sikio moja limekatika, akitafuna tangazo la amri lililobandikwa chini ya kibao cha muda: mwisho kilomita thelathini kwa saa. Mbuzi alianzia kwenye kona yenye muhuri. Akaumeza, akacheua.

"Riziki hiyo," Kifungu akanong'ona.

Haikupita saa, trafiki wakamdaka dereva wa lori la mchanga akikimbia sitini. Kosa la tatu hilo. Leseni ilikuwa inakwenda na maji.

"Kaka, futa machozi," Kifungu akamshika bega. "Amri isiyo na muhuri ni maiti. Maiti gani humzuia mtu kukimbia? Nikikutoa, pikipiki yako iwe yangu."

"Na usiponitoa?"

"Ubaki nayo. Mimi si mwizi."

Wakaandikiana hati. Kifungu akaigonga muhuri wake wa wakili, aliouchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili.

Siku ya kesi, mke wa dereva, fundi cherehani, alimleta mbuzi kwa kamba. Alikuwa mbuzi wake, na Kifungu alimtaka awe kielelezo.

"Mheshimiwa," Kifungu akanguruma, "karatasi iliyoliwa muhuri haina nguvu, hata ingeandikwa kwa dhahabu."

Hakimu akamtazama mbuzi. Mbuzi akaramba joho la hakimu.

"Kibao mshitakiwa alikiona, macho anayo," hakimu akasema. "Lakini utaratibu unataka tangazo lenye muhuri liwepo pale, nalo halikuwepo. Nenda, bwana. Ila punguza mwendo. Shimo halijaliwa na mbuzi."

Nje, Kifungu akanyoosha mkono. "Ufunguo, shemeji."

"Utaupata. Hebu kwanza niisome hiyo hati," mke wa dereva akasema. "Mimi husoma polepole."

Kifungu akampa. Akaisoma polepole kweli, ameishusha mpaka usawa wa magoti. Mbuzi akaanzia kwenye kona yenye muhuri, kama kawaida yake.

"Mama, hati yangu inaliwa."

"Hati gani, baba? Hii maiti?" Akampangusa mbuzi mdomo kwa ncha ya khanga. "Kama bado ina nguvu, turudi ndani ukamwambie hakimu ulikosea. Mume wangu ataadhibiwa, nawe utakuwa hukumtoa, kwa hiyo pikipiki inabaki kwetu. Chagua."

Kifungu akapiga hesabu upande huu, akapiga upande ule. Kote hakuwa na pikipiki.

Akaondoka kwa miguu, akapita kando ya kile kibao, chini kabisa ya kilomita thelathini kwa saa.