Dikoda ya Kiama Inapenda Upepo

Habari ilitoka kwa simu ya Maluki: fainali ya Jumapili imesongeshwa hadi saa sita mchana. Benchi zima mbele ya kibanda cha chai cha Nduku, hapa Mwihoko, likamgeukia Kiama. Tangu anunue dikoda ya kurekodi na kuifunga kwa home theatre yenye spika kila kona, wanamwita Sinema.

"Wewe huna shida," akasema Maluki, ambaye huitwa Jaji kwa sababu hakuna kesi asiyoitolea hukumu. "Unapeleka mama mkwe kanisa, mechi inajirekodi, unarudi unaangalia kama mdosi."

Kiama akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Timu yake ilikuwa haijafika fainali tangu aoe, mpaka mwaka huu, na roho ilikuwa inamuuma kweli kweli.

"Imekataa," akasema.

"Nini imekataa?"

"Rimoti. Nabonyeza rekodi, dikoda inaniangalia tu."

"Betri hiyo," akasema Kang'ethe. Huyu ndiye Injinia. Anauza kava za simu Githurai 45 na hatoki nyumbani bila tepu ya kupimia mfukoni.

"Nimebadilisha."

"Basi ni waya ya picha. Umeichomeka kwa spika ya subufa."

"Injinia, waya ya picha na rimoti zinajuana wapi?"

"Huko ndani zinajuana."

Kiama akashusha sauti. "Kitu inanishangaza, mlango ukifunguliwa upepo uingie, inashika. Mlango ukifungwa, inakufa."

Vikombe vikawekwa chini kwa heshima.

"Ni satelaiti," Injinia akaamua. "Signo inakuja na hewa. Nyumba yako imebana. Hamia Juja, kuko wazi."

Nduku alikuwa anamimina chai. "Mama mkwe alikuja lini?"

"Alhamisi."

"Na rimoti ikakataa lini?"

"Alhamisi jioni."

"Alikuja na nini?"

"Ndizi, na vitambaa ameshona na mkono. TV iko na yake, kila spika iko na yake. Ya dikoda ndiyo kubwa, imeshuka mpaka..." Akaacha kukoroga chai. "Upepo ukiingia, inainuka," akasema polepole.

"Kesi imeisha," akasema Jaji. "Jicho ya dikoda, ile inaona rimoti, imefunikwa. Enda utoe."

"Nitoe aje? Mama amekaa kwa kochi anaangalia hiyo kitambaa kuliko TV. Ameishona tangu Krismasi. Nikiigusa nitaitishwa mbuzi ya faini."

"Washa feni."

"Na hii baridi ya Julai? Mama ana kifua, hata mlango anataka ufungwe."

Jaji akafikiria mpaka mandazi yake yakaisha. "Kutoa ni makosa. Kufua si makosa. Pigia Ngendo, mwambie imechafuka, ifuliwe Jumapili asubuhi."

Kiama akampigia mke wake, akaweka sauti kubwa ili benchi lisikie.

"Imechafuka aje na ni ya juzi?" Ngendo akauliza. "Halafu mama yuko hapa, amesikia yote. Ngoja." Wakasikia mazungumzo ya Kikuyu kwa mbali, kisha Ngendo akarudi. "Amefurahi sana. Anasema hajawahi kuona mwanaume anajali vitambaa hivyo. Ametoa uzi, anashona ya pili, ndiyo moja ikifuliwa dikoda isikae uchi."

Kiama akafumba macho.

"Uko?" Ngendo akauliza. "Anataka kujua pia, ile dishi ya satelaiti kwa paa ni futi ngapi?"

Injinia akainuka, akapangusa makombo ya mandazi, akatoa tepu mfukoni.

"Hapo," akasema, "naweza kusaidia."